Unga wa Mama Mkwe

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Mbuzi wamepokelewa! Watatu, kama ntheo, posa yetu ya mbuzi, inavyotaka. Yule dume alilia tangu soko la Dagoretti hadi mlangoni pa kina Wanza, Kawangware, kisha akanyamaza ghafla kana kwamba naye ametambua uzito wa hafla. Kwa desturi zetu Wakamba, Wanza ni mke wangu kuanzia leo. Kanisa na keki ni mapambo ya Desemba.

Kidonge changu cha umakini nilikimeza alfajiri, makusudi. Bila kidonge husikia nusu ya kwanza ya sentensi. Nusu ya pili inanikuta nimeshapanda mlima mwingine. Nisingekubali posa yangu mwenyewe inipite. Na haikunipita! Mjomba Isaac, msemaji wao, alidai kwamba mbuzi wa ntheo sharti watoke Kitui, si sokoni. Urbanus, binamu yangu na msemaji wetu, akaanza kuomba radhi. Nikaingilia kati—bwana harusi haingilii kati, nimeelezwa baadaye—nikathibitisha kwa hoja nne kwamba mbuzi hana kabila. Wazee wakacheka. Mjomba Isaac akasalimu amri. Ushindi!

Kisha chakula kikaletwa, nami nikaanguka. Muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharage. Nyama choma. Chapati zenye kurasa kama kitabu. Tatizo ni kwamba kidonge kikishanikaa, njaa huhama mwilini bila kuaga. Nilimeza vijiko vitatu. Urbanus alinikanyaga mguu chini ya meza. Nikaongeza cha nne, nikakitafuna mpaka mazungumzo ya mahari yakafungwa.

Nyuma ya pazia lililokigawa chumba, sauti ya mwanamke ikauliza kwa Kikamba: huyu anakula ama anahesabu punje?

Nilishinda hoja, nikashindwa na sahani.

Jumapili, 3 Agosti

Wanza amekuja hapa kwangu, Laini Saba, baada ya ibada. Amebeba mkebe.

Mamake anauza dawa za mitishamba Kawangware: mizizi, magome, unga wa kila rangi. Wateja humwita daktari. Mimi simwiti chochote. Jina lake siliandiki hata humu, maana mbuzi wakishapokelewa nthoni inaanza: mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawashikani mikono, hawasemeshani, hawali chumba kimoja. Wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani—au, kwa Kawangware, anaingia kwa M-Pesa. Wakamba wengi wa Nairobi wameiacha desturi hii. Mama Mkwe hajaiacha. Anaimba kwaya, ana simu mbili, na nthoni yake ni ya mwaka wa nzige.

Ujumbe wake kupitia kwa Wanza: nimekonda kama mwiko. Mwanamume asiyekula ukweni ama ana dharau ama ni mgonjwa, naye kwa hisani yake ameamua kuamini ugonjwa. Kijiko kimoja ndani ya uji, asubuhi na jioni. Mkebe urudi mtupu.

Nikauliza ndani mna nini.

"Mizizi."

"Mizizi ipi?"

"Si umuulize."

"Wanza, unajua siwezi kumuuliza!"

"Basi kunywa ama usinywe. Mimi ni mwalimu wa gredi ya nne, si chemist."

Nimekaa nikiutazama mkebe. Chuoni nilibishana na maprofesa mpaka wakatazama saa. Mtaani hakuna mhubiri, mgombea wala landlord ambaye sijamhoji. Na sasa binadamu mmoja duniani ambaye nina swali la maana la kumwuliza ndiye nisiyeruhusiwa kumsemesha!

Jumanne, 5 Agosti

Lazarus, jirani yangu, fundi wa viatu, mtu wa Homa Bay, amekuja kuazima kiberiti. Ameuona mkebe, ameufungua bila idhini, amenusa. Uso wake ukapanuka.

"Omera! Hii ni ogombo!"

Waluhya huita mukombero. Nilijua harufu ile. Nimeipita kwenye mikokoteni mara mia. Akauliza nani amenipa. Kwa ujinga wangu nikasema kweli.

Alikaa chini. Alicheka mpaka mkewe akaja kuangalia kama kuna msiba. Kwao wazee huutafuna mzizi huo kwa ajili ya nguvu fulani ambazo mama mkwe hapaswi hata kuziwazia. "Na amepima kwa kijiko! Asubuhi na jioni! Buda, huyo mama anataka wajukuu kesho!"

Nikamweleza kwa utulivu kwamba mzizi huohuo hutumika sana kuamsha hamu ya chakula, na kwamba mama wa watu alikuwa na nia safi. Nikataja vyanzo. Akacheka upya.

Nimempa mkebe wote. Ameupokea kwa mikono miwili.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimesoma kuhusu suala hili siku mbili, badala ya kusoma prufu za kitabu cha shule cha Maarifa ya Jamii ninacholipwa kusahihisha. Matokeo: kuhusu mukombero na kidonge cha aina yangu, sijapata utafiti wowote. Sehemu yangu moja ikasema: hakuna ushahidi wa madhara, kunywa. Sehemu ya pili ikajibu: kutopatikana kwa nyoka kichakani si hati ya usalama wa kichaka. Ya pili imeshinda. Ilikuwa na sauti ya Daktari Audrey, aliyeniandikia kidonge mwezi wa Februari na kunionya: hiki ni kichangamshi, kinapandisha presha na mapigo ya moyo, kwa hiyo usichanganye na chochote cha kuchangamsha—miraa, vinywaji vya nguvu, unga wa barabarani—bila kuniuliza. Hata kahawa nipunguze.

Lazarus ameshona viatu vya ploti nzima na sasa anatafuta miguu mipya. Anapiga mluzi tangu jogoo. Mkewe amenisalimia leo kwa heshima isiyo ya kawaida.

Ila Lazarus ameniambia, akishika kifua: "Lakini hii kitu inagonga. Hata chai ya rangi haijawahi nigonga hivi."

Jumamosi, 9 Agosti

Mkebe ulirudi Kawangware jana. Mimi na Lazarus tuliuosha, tukatia sukari ndani, kwa kuwa chombo cha ukweni hakirudi kitupu. Mama Mkwe amefurahi kupita kiasi. Umeisha upesi namna hiyo! Leo Wanza ameleta wa pili. Ule wa kwanza ulikuwa wa majani ya chai. Huu ni wa rangi ya nyumba.

Kwa bahati mbaya Wanza amemkuta Lazarus mlangoni, akipiga mluzi, akamsikia akisema "mwambie mama asante". Si mjinga. Amefunga mlango.

Ameniuliza kwa nini nisimwambie mamake kwamba natumia dawa ya hospitali. Yeye anajua tangu mwanzo. Tena ndiye aliyenisukuma kwenda kliniki baada ya mimi kumsahau kwenye steji ya matatu, Ayany, nikiwa nimeenda kununua maji. Nikamkumbusha kisa cha dadake Kaluki. Mchumba wa Kaluki alisikika kwamba anameza "dawa za kichwa". Mjomba Isaac hakuuliza ni kichwa kipi wala dawa ipi. Mbuzi walirudishwa kwa njia waliyojia, mmoja akiwa tayari na mimba! Kaluki hajaolewa hadi leo.

"Na mimi nikirudishiwa mbuzi?"

"Wewe unabishana na redio, Nyamai. Unaogopa mama yangu?"

"Siogopi. Naheshimu. Nthoni—"

"Nthoni si pazia ya kujificha. Mdomo ni wako, na Mungu hakukunyima. Mimi sitadanganya mama tena."

Amekwenda zake. Mkebe wa pili nao nimempa Lazarus.

Jumapili, 10 Agosti

Niandike upesi.

Leo ilikuwa kamati ya harusi, nyumbani kwa kina Wanza. Nilimeza kidonge asubuhi—kamati bila kidonge ni kifo. Kabla ya sala ya kufungua, pazia likasogea. Mkono ukatoka. Mkono tu, na bangili moja ya shaba. Ulishika kikombe cha uji uliofuka mvuke. Mjomba Isaac akatangaza: hiki ni cha mkwe wetu, ametengenezewa kwa heshima.

Chumba kizima kikanitazama. Urbanus akanitazama. Wanza akatazama dari.

Nikatafuta hoja, sikupata hata moja! Mkono ulibaki pale hewani, ukingoja. Nikakipokea kikombe, nikakinywa chote.

Nusu saa ya kwanza nilikuwa bora kuliko wakati wowote wa maisha yangu. Nilisahihisha ajenda. Nilipendekeza kamati iwe na katiba. Nilisimama—sikumbuki kusimama—nikafafanua tofauti ya mwenyekiti na msimamizi, nikapendekeza kura ya siri kuhusu rangi ya vitambaa. Mama mmoja wa kwaya akauliza kama mimi ni pasta. Urbanus ananiambia nilizungumzia viti peke yake mpaka chai ikapoa.

Kisha moyo ukaanza mbio zake binafsi. Mdomo ukakauka. Masikio yakajaa ngoma. Nilikuwa katikati ya sentensi yenye vishazi vitatu nikaona sakafu inanijia kwa adabu, polepole. Wakanilaza kwenye kochi, wakanipepea kwa kitabu cha nyimbo.

Nyuma ya pazia sauti ilikuwa ikiuliza, tena na tena, kwa Kikamba: ameanguka? Mwambieni mtu aniambie. Ameanguka?

Hakuvuka. Asingeweza kuvuka. Niliona kivuli chake tu, kimeshika pazia.

Jumatatu, 11 Agosti

Daktari Audrey amenipima presha mara mbili, kwa kutoiamini mara ya kwanza. Hakunigombeza. Amenitazama tu juu ya miwani, jambo ambalo ni baya zaidi.

Unga, marufuku. Kidonge nacho kisimame mpaka mapigo yatulie na mpaka ajue nilikunywa nini. Nikamwambia mukombero. Akatikisa kichwa: mukombero peke yake hautoshi kueleza presha ile, huenda mle kuna kingine, jinseng au kitu chenye kafeini nyingi, watu wanavichanganya siku hizi. "Niletee majina ya vyote vilivyomo. Yote. Mwulize aliyeutengeneza."

Nikamweleza nthoni. Yeye ni mtu wa Kakamega, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo utakufa kwa heshima?"

Sikuwa na hoja. Mara ya pili katika siku mbili! Hali hii inanitia wasiwasi kuliko presha.

Jumatano, 13 Agosti

Nimemtuma Urbanus. Kazi ya msemaji ni kusema, nikamwambia, nenda ukaulize mle kuna nini. Ila usitaje kidonge. Akaacha mashine yake ya kuchomelea, akanawa, akavaa koti la ntheo, akaenda.

Amerudi jioni akiwa na tabasamu na mfuko wa mahindi mabichi. Nikajua mambo yameharibika.

"Sasa ningemuuliza aje bila kumkosea?" ananiambia. "Ati umemtilia mtoto wetu nini? Hapana. Nilitumia akili. Nikamwambia kijana ameupenda huo unga sana, mpaka anataka kujua unavyotengenezwa."

Mama Mkwe alilia. Urbanus anaapa aliona machozi. Kaluki alikataa mizizi, Wanza alikataa mizizi, wote wakaona haya kusimama na mama yao kwenye meza ya dawa. Na sasa msomi mzima, mwenye digrii, anaomba kufundishwa! Amewatangazia wanawake wa kanisa. Siri ya unga atanikabidhi baada ya harusi, kama urithi. Kabla ya hapo, hapana; siri haipewi mtu wa nje.

"Kwa hivyo majina hukupata."

"Majina sikupata. Lakini, Nyamai, umependwa! Wewe huoni?"

Naona. Ndilo tatizo. Nilikuwa na mama mkwe wa kumshinda kwa hoja, na sasa nina mama mkwe aliyenililia.

Ijumaa, 15 Agosti

Siku ya nne bila kidonge. Nimepitisha ramani ya Kenya isiyo na Ziwa Viktoria. Lazarus ameiona mezani, akauliza kwa upole kwao wamehamia wapi. Mhariri amepiga simu, hakuwa mpole.

Lazarus naye nimemwambia auache unga. Amehuzunika. Mkewe amehuzunika zaidi.

Wanza ametuma ujumbe mmoja mchana: "Nimemwambia mama kuna kitu unataka kumwambia mwenyewe. Sijasema ni nini." Nimeandika majibu matano, nikayafuta yote. Mwenyewe! Mimi na yeye? Kwa njia gani, kwa moshi?

Jumamosi, 16 Agosti

Amekuja. Yuko nje sasa hivi.

Naandika kwa sababu mkono huu usipopewa kazi utafungua mlango, na mlango haufunguliwi.

Kwanza nilisikia sauti ya Wanza akimwambia mtu apite mbali na mtaro. Kisha mbele ya mabati yangu, upande wa dirisha, nyayo zikasimama. Kuna tundu la msumari. Nimechungulia—kosa, najua, kosa kubwa—nikaona mgongo tu: leso ya kijani imefunika kichwa chote, na bangili ya shaba. Amegeukia njia ya reli. Hajanitazama, wala hajaitazama nyumba. Mama mkwe hafiki kwa mkwe; sijawahi kusikia hata kwa wazee wa Kitui. Ametoka Kawangware asubuhi na mapema, kwa baridi hii, ili aje kunipa mgongo.

Wanza ameombwa apeleke ujumbe. Nimemsikia akijibu: "Leo mimi si simu, mama."

Ndipo Mama Mkwe akaanza kusema na mabati.

"Mabati," anasema, kwa Kikamba cha taratibu, kana kwamba mabati ni mzee mwenzake, "mimi sijaja kwa mtu. Nimekuja kwako. Nimesikia mtoto wa watu alianguka kwa kikombe changu. Siku sita silali. Sasa sikia, uchukue."

Akataja. Mukombero, ambao anaununua kwa Waluhya wa hapo Kawangware. Majani ya mlonge, kutoka shambani kwa dadake, Mutomo. Tangawizi. Kidogo cha mdalasini kwa harufu. Nimeandika yote pembeni mwa prufu, juu ya ramani ya Pwani.

Kisha akasita. Lazarus ameacha kugonga soli. Ploti nzima imeacha kufanya chochote.

"Na kuna cha pakiti," akasema. Sauti imeshuka. "Cheupe. Kinaletwa na kijana mmoja wa mjini. Maandishi yake siyasomi. Wateja wanakitaka, wanasema kinawaamsha, kwa hivyo mimi natia. Watu wananiita daktari, mabati. Hicho sikijui. Nilimpa mume wa Wanza wangu kitu nisichokijua, kwa sababu alikula vijiko vinne."

Alihesabu! Vijiko vyangu alivihesabu, kupitia pazia.

Nilitaka kusema kitu. Nilikuwa na mambo mengi ya kusema: kuhusu biashara ya pakiti zisizo na lebo, kuhusu wajibu wa wanaoziingiza, hotuba nzima, yenye utangulizi. Nimeiacha yote, nikainama mlangoni. Pakiti yenyewe ameisukuma chini ya mlango kwa ncha ya mwavuli wake. Ipo hapa. Ina picha ya mzizi wenye miguu kama mtu, na farasi anayekimbia.

"Hayo ni yangu," akamalizia. "Nimeyatoa. Sasa, mabati, mwulize aliye ndani. Mtoto wangu anasema kuna jambo. Na mtu haanguki kwa kikombe kimoja. Wanza nimempa uji huohuo, mjomba wake pia, wakaenda kazini. Mwulize, yeye anakula nini kabla ya unga wangu?"

Hajaongeza kitu. Anangoja. Mvua imeanza kudondoka juu ya mabati, nyembamba, na hasogei. Wanza amejaribu kumfunika kwa mwavuli. Ameukataa, amesema mabati hayasikii vizuri penye mwavuli.

Anajua kisa cha Kaluki kuliko mimi. Mbuzi wale walirudi kwa idhini yake. Wangu wako kwake, nyuma ya nyumba, na yule dume, Wanza anasema, amemzoea, anamfuata kwenye meza ya dawa. Neno moja likitoka hapa linaweza kuwapandisha kwenye pikapu leo hii. Na nikikaa kimya ataondoka akiamini kwamba ni kikombe chake peke yake kilichoniangusha.

Amekohoa. Si kikohozi cha baridi.

Humu ndani hakuna wa kutumwa. Kuna kitanda, kuna rafu ya vitabu vyangu—vitabu vitaongeza chumvi—kuna jiko la makaa, halijawashwa. Nimelichagua jiko. Nimechuchumaa mbele yake, daftari juu ya goti, kidonge kimoja mkononi ingawa haoni, kama shahidi aletwaye mahakamani.

"Jiko," nimesema, kwa Kikamba, kwa sauti ya kufika nje.

Nyayo zimesogea karibu na ukuta. Hatua moja.

"Jiko, mwambie mama kwamba mimi kila asubuhi humeza kidonge cha hospitali, cha kunikalisha mawazo mahali pamoja, nacho na unga wake havipatani."